Mashine Iliyokumbuka Maneno ya Siri

Nilipata kazi Ukunda kwa sababu nilijua kupiga taipu bila ya kutazama vidole, na kwa sababu tajiri wangu alikuwa amechoka kufukuza wafanyakazi. Duka lake lilikuwa kando ya njia ya kuendea Diani, chumba kimoja kirefu chenye simu, faksi, mashine ya fotokopi iliyonuka nywele zinazoungua, na mwisho kabisa, nyuma ya pazia la maua, kompyuta yenye intaneti. Tajiri alisema pazia lile ni la kuzuia jua. Mimi nilisema ni la kuzuia macho ya watu. Akacheka, akalikunja na kulifunga kwa kamba ili lisisumbue.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Siku hizi wataalamu wanaiita kivinjari ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti, na ni neno zuri, linafanya mtu adhani anakwenda matembezi. Sisi tulisema brauza. Wateja walisema dirisha, wakavuta kiti na kukaa mbele yake kama watu wanaosubiri mtu atokeze kichwa.

Tajiri alikuwa mtu wa bara. Wazazi wake walipewa shamba la skimu, ile ardhi ya kugawiwa na serikali, miaka ya nyuma, wakaja na ng'ombe na Biblia, na yeye akakulia huku huku mpaka akajua kusema shikamoo, ingawa aliisema mbio mbio, kama mtu anayetaka kuteremka kwenye matatu. Alikuwa na imani mbili: kanisa lake siku ya Jumapili, na vesheni mpya. Kila brauza ilipotoka upya alivuka kivuko kwenda Mombasa kununua gazeti la kompyuta lililobandikwa diski kwenye jalada, kwa kuwa kuipakua kwa laini yetu ya simu ilikuwa sawa na kujaza pipa kwa kijiko cha chai. Alirudi jioni anang'aa.

"Hii sasa iko na sekyuriti fiti," aliniambia. "Ile ya zamani ilikuwa na matundu, wezi wanaingia tu."

Ile ya zamani ndiyo aliyoisifu hivyo hivyo mwezi uliotangulia. Kila vesheni ilikuja na habari kwamba tuliyokuwa tukiitumia kwa raha mpaka jana ilikuwa mbovu, na sikuelewa kwa nini habari hiyo itufurahishe. Lakini tajiri alifurahi. Aliiweka, akaizima mashine, akaiwasha, akasubiri, na mashine ikawa nzito kidogo kuliko jana.

Juu ya vesheni kulikuwa na viongezo, vijiprogramu vya kubandika kwenye brauza ili ifanye mambo ambayo haikuumbwa kuyafanya. Alibandika kimoja kilichoonyesha saa za miji ya ulimwengu. Kingine kiligeuza mshale wa kipanya kuwa samaki mwekundu. Kingine kiliahidi kuongeza kasi, kikachukua theluthi ya kioo kwa vitufe vyake. Kulikuwa na cha kuangusha theluji, na kwa muda wa wiki kadhaa theluji ilianguka juu ya barua za watu wa Msambweni, taratibu, nao wakanyamaza kwa adabu wakidhani ndivyo ilivyo. Na kulikuwa na kimoja cha kuchezesha sauti ndani ya ukurasa, ambacho hakikuwa na kazi, kwani mashine yetu haikuwa na spika.

Katika mambo haya yote, lililonikera kweli lilikuwa la maneno ya siri.

Kwetu nyumba iliyofungwa mlango mchana ina mgonjwa au ina ugomvi. Mtu mwenye amani zake huacha mlango wazi, na anayepita hupiga hodi akakaribishwa. Sasa mpe mtu wa namna hiyo neno la siri umwambie asimtajie yeyote. Wateja wetu waliyataja kwa sauti, kutoka kwenye benchi, ili niwaandikie. Aliyeninong'oneza sikioni aliulizwa na wenzake, "Wamficha nani hapa?" na akaona haya, akalitaja upya ili wote wasikie. Waliosahau walikuja kuniuliza mimi, na mara nyingi nilikuwa nalo.

Kisha ikaja vesheni iliyojua kukumbuka yenyewe. Ukiandika neno la siri mara ya kwanza, kidirisha kilitokea kuuliza kama unataka kilihifadhi. Tajiri aliagiza tujibu ndiyo kwa kila mteja. Aliona ni ukarimu, duka kumjua mtu wake, kama vile muuza duka anavyokunyooshea majani ya chai kabla hujasema. Kuanzia hapo ukifungua tovuti ya imeli na kuchagua anwani ya mtu, nyota zilijipanga zenyewe mahali pa neno la siri, na kilichobaki ni kubonyeza.

"Tajiri," nilimwambia, "mtu yeyote akikaa hapa atasoma barua za kila mtu."

Alininyooshea kidole kwenye pembe ya chini ya kioo, penye picha ndogo ya kufuli. "Si unaona? Imefungwa."

Kufuli lilikuwa limefungwa, ni kweli. Lilimaanisha kwamba maneno yanayotoka kwetu kwenda upande wa pili yanasafiri kwa maandishi ya mafumbo, asiweze mtu wa katikati kuyasoma. Lililinda njia. Kiti hakikuwa na mlinzi. Nilimweleza hivyo, akaniambia nina wasiwasi kama watu wa benki, na akaenda kujibu simu. Nilikasirika, na hasira yangu siku zile ilikuwa ya kupiga stepla kwa nguvu.

Miongoni mwa watu wetu alikuwamo baharia mmoja wa Munje, mtu mrefu wa maneno ya pole pole, aliyefanya kazi katika meli za mizigo. Alipokuja likizo alifungua anwani yake kwenye mashine yetu, nami nikamwandikia, na mashine ikakumbuka. Aliporudi baharini aliandika kila meli ilipotia nanga, katika nyumba ya mabaharia iliyokuwa bandarini. Aliandika kwa anwani ya duka, na mimi nikachapisha. Bintiye ndiye aliyekuja kuchukua.

Barua za baharia yule zilikuwa salamu. Alimsalimu mkewe, akamwuliza hali, akasema yeye hajambo. Alimsalimu ndugu yake, akamwuliza hali ya chombo na samaki. Alimsalimu mwalimu wa chuo cha Kurani, majirani wa kulia na wa kushoto, na bibi mmoja aliyehamia Waa kitambo. Alinisalimu mimi. Alimsalimu tajiri. Ukifika mwisho wa ukurasa wa pili ndipo ulipokuta habari yenyewe, mstari mmoja, kwamba mvua inanyesha.

Karatasi ilipofika Munje ilisomwa kwa sauti ukumbini, wote wakiwa juu ya mkeka, na kila aliyetajwa akaitikia salamu yake. Bintiye ndiye aliyesoma. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Kwangu alikuja mapema kuliko alivyohitaji, akakaa kwenye taipureta ya zamani akijizoeza. Tulikuwa tumezoeana. Aliniita dada na kunirekebishia mafungu ya karatasi nilipoyapanga ovyo.

Siku moja alikuja, akapitiliza taipureta, akasimama nyuma ya fotokopi.

"Dada, nimeposwa," alisema.

Nikamwambia hongera. Hakuitikia, nikajua nimekosea.

Mposaji alikuwa rafiki wa ami yake, yaani yule ndugu wa baharia. Aliuza barafu kwa wavuvi na kwa mahoteli ya Diani, mtu msafi, mswalihina, hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake, na mimi sina. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyemwuliza msichana mahali ambapo angeweza kujibu. Aliulizwa mbele ya ami, mbele ya mwalimu, mbele ya wazee wa upande wa pili walioketi na vikombe vya kahawa. Na kwetu mwanamwali akiulizwa akanyamaza, kunyamaza kwake huhesabiwa amekubali. Ni heshima aliyowekewa, asilazimishwe kutamka neno la kumtia haya.

"Niliinamisha kichwa tu," alisema. "Nilikuwa natafuta la kusema. Nilipokiinua walikuwa wameshaomba dua."

"Na uuguzi?"

"Ami asema mume akipenda nitasoma."

Nilimwambia amwandikie baba yake. Alinitazama kama mtu niliyemwambia apande juu ya paa akapige kelele. Barua zote zilisomwa mkekani, na jibu la baba lingekuja likataje kila kitu. Hata barua aliyoituma yeye ingebaki mle ndani ya mashine, na mashine, kama ilivyojulikana na Ukunda nzima, haikuwa na mlango. Nilimfuata tajiri siku hiyo hiyo nikamwambia azime kule kukumbuka. Akasema wateja watachukia. Nikapiga stepla.

Lakini ndoa ilihitaji jambo moja. Baba yu hai, basi yeye ndiye walii, mwenye haki ya kumwozesha, na ami hawezi kumwozesha binti wa nduguye mpaka apewe uwakala naye. Arusi ilikwisha kupangwa siku ya Ijumaa. Mchele ulikwisha kupepetwa.

Asubuhi moja ami alikuja dukani peke yake. Mimi nilikuwa natoa nakala za mitihani ya shule ya msingi, na mashine ilikuwa imemeza karatasi, kwa hiyo tajiri mwenyewe ndiye aliyemkaribisha, akamkalisha kwenye kompyuta na kumwonyesha samaki mwekundu. Ami alipiga kwa kidole kimoja kwa muda mrefu. Sikuona alichokiandika, na sitasema niliona.

Alasiri ikaingia imeli kutoka anwani ya baharia, ya kupewa mwalimu. Ilisema: Nimempa ndugu yangu uwakala amwozeshe binti yangu. Fungeni ndoa Ijumaa.

Nilichapisha, nikaigeuza karatasi kutazama kama kuna upande wa pili.

Mwalimu alikuja mwenyewe kuichukua, na ami akiwa pamoja naye, na msichana na mamaye nyuma. Mwalimu alikuwa mzee mwembamba wa miwani, mtu asiyepandisha sauti hata kwa watoto wa chuo. Alisoma, akavua miwani akaifuta, akasoma tena.

"Hii barua haina salamu," alisema.

"Labda alikuwa na haraka, mwalimu," alisema ami. "Meli hazingoji."

"Nimemfundisha tangu akiwa hajui alifu. Haraka hiyo hajapata kuwa nayo." Akanigeukia. "Mwanangu, niambie kitu kimoja. Barua hii yatoka kwenye anwani yake. Je, mtu mwingine aweza kuiandika?"

Tajiri aliwahi kujibu kwamba haiwezekani, kwa kuwa hii ni vesheni mpya, na akamwonyesha mwalimu kufuli. Mwalimu aliinama karibu sana na kioo mpaka ndevu zikakigusa.

"Ni kufuli kweli," alikiri. Kisha akaniuliza mimi tena. "Waweza?"

Nilikaa, nikafungua tovuti ya imeli, nikachagua anwani ya baharia. Nyota zikajipanga. Nikabonyeza, na barua zake zote zikafunguka mbele yetu, na theluji ikianguka juu yake.

"Astaghfirullah," alisema mwalimu. "Kufuli limefungwa na ufunguo umeachwa mlangoni."

Ami alikuwa anatazama feni. Msichana alikuwa anamtazama ami. Nami nilimtazama tajiri, na nakiri nilifurahi, kwani kwa mara ya kwanza alikuwa amekosa la kusifu.

Mwalimu hakuuliza nani. Angeweza kuuliza na angejibiwa, kwa maana ami hakuwa mwongo wa kuzoea, alikuwa mtu aliyeahidi rafiki yake jambo lisilokuwa lake. Mwalimu alimsitiri. Alisema mitambo ina mambo mengi, hatujui imefanya nini, basi tutamwomba mwenyewe atuletee sauti yake tuisikie kwa masikio yetu, kwa sababu sauti yake tunaijua. Akaniamuru niandike, naye akitamka: baada ya salamu, tunaomba neno lako kwa ulimi wako juu ya posa ya binti yako. Salamu zenyewe zilijaza ukurasa.

Walipoondoka nilizima kule kukumbuka, nikafuta maneno yote yaliyohifadhiwa, na tajiri akasimama kando hakunizuia. Msichana alibaki nyuma. Nilimfungulia pazia ile kamba, nikalivuta, nikamwambia, "Sasa pamefungwa kweli. Mwandikie."

Alikaa. Aliandika Shikamoo baba. Akaandika sisi hatujambo, hofu ni kwa upande wako. Akaandika mama akusalimu, ami akusalimu, akafika kwa bibi wa Waa. Kisha akakaa akitazama kale kamstari kanakopepesa. Nilikwenda nikahudumia watu wa faksi, nikarudi, nikamkuta palepale.

"Siwezi, dada," alisema. "Baba hajaniuliza. Nitaanzaje kumjibu?"

Nilitaka kumtikisa. Nilitaka kumwandikia mimi, vidole vyangu viliwasha. Lakini nilikuwa nimetoka kulalamika siku nyingi juu ya watu kuandika kwa majina ya wengine, basi nikaikunja mikono. Alituma salamu, akaenda zake.

Majibu yalikuja siku ya Alhamisi, na hayakuingia. Baharia alikuwa ameketi mbele ya maikrofoni ya nyumba ya mabaharia akazungumza, na mtu wa huko akaifunga sauti kwenye imeli, na ilikuwa kubwa ajabu. Tulianza kuipakua asubuhi. Ikafika robo, faksi ya hoteli ikaingia, laini ikakatika. Tukaanza upya. Ikafika nusu, mtu akapiga simu kuuliza kama tunauza mikate. Tajiri aliichomoa faksi ukutani, akasimama mlangoni akiwazuia wateja wa simu, mtu ambaye hajapata kumzuia mteja maishani mwake.

"Anasema nini mpaka inafika megabaiti tatu?" aliniuliza. "Si ni ndiyo ama la?"

Ilipoingia yote haikulia. Kile kiongezo cha sauti kilidai vesheni mpya zaidi ya brauza, na hapo ndipo tajiri alipopata siku yake. Alikuwa na diski mfukoni mwa shati. Aliiweka, akaizima mashine, akaiwasha, tukasubiri. Samaki mwekundu akatoweka, theluji ikakoma, saa za miji ya ulimwengu zikasimama. Kiongezo cha sauti kikasema kiko tayari. Muuza kanda za muziki wa duka la pili alituazima spika zake, kila moja kubwa kama kabati ya vyombo, na akatupa masharti tusiwashe zaidi ya nusu.

Baada ya sala ya alasiri walikuja wote: mwalimu, ami, mama wa msichana, na msichana aliyevaa buibui jipya. Tajiri alifunga mlango wa duka mchana kweupe, na watu wa nje wakaanza kuulizana nani mgonjwa. Nilibonyeza.

Kwanza ilikuja mivumo ya bandari, vyuma vikigongana mbali. Kisha sauti yake, pole pole kama nilivyoikumbuka.

"Assalaam aleikum."

Akanyamaza. Sote tukaitikia, hata tajiri.

"Mwalimu, shikamoo."

Akanyamaza. Mwalimu akasema marahaba mwanangu, na kunyamaza kule kulidumu sawasawa kiasi cha mtu kusema marahaba mwanangu.

"Mama watoto, u mzima? Nyumbani wazima?"

Mkewe aliitikia, ukingo wa leso mdomoni. Hapo nikaelewa zile megabaiti tatu. Alikuwa ameacha nafasi za majibu. Yule mtu hakuona adabu kumsalimu mtu na kuendelea kabla hajaitikiwa, basi aliketi mbele ya maikrofoni ya watu, akasalimu, akangoja, akasalimu, akangoja, na mashine ikarekodi kungoja kwake kote, tukakupakua kwa saa zetu na laini yetu. Tajiri alifungua mdomo kusema kitu, na wakati huo huo sauti ikamsalimu yeye. Akafunga, akafungua, akasema mzuri sana, asante.

Ndugu naye akasalimiwa. Ami aliitikia kwa sauti ya chini, akitazama spika kana kwamba nduguye yumo ndani.

"Naam," ilisema sauti. "Nimepata barua ya mwalimu kuhusu posa. Ndugu yangu, rafiki yako namjua, sina neno naye. Lakini mimi nilipoondoka mwanangu alikuwa akisema atasoma. Sasa sijui. Atakalolitaka yeye ndilo nitakalolitaka mimi."

Vyuma vikagongana. Mtu akazungumza lugha ngeni kwa mbali, akanyamazishwa.

"Mwanangu. Mume huyu wamtaka?"

Akanyamaza.

Kunyamaza huku kulikuwa kurefu kuliko kwa salamu. Alikuwa amempa mtoto nafasi. Tulimsikia akipumua karibu na maikrofoni. Mwalimu aliinamisha kichwa, kama inavyopasa wakati mwanamwali anaulizwa. Mama naye akainamisha. Ami akaanza kupumua vizuri, kwa sababu sekunde zilikuwa zinapita, na sote chumbani tulijua kunyamaza kwa msichana huhesabiwa vipi. Nilitazama kioo. Kimstari cha sauti kilikuwa kinatambaa kuelekea mwisho, na hapakubaki pengi.

Msichana alisimama. Alitoka kwenye benchi, akapita mbele ya ami yake, akaenda mpaka kwenye ile spika kubwa, akaiwekea mdomo karibu kama mtu anayesema na kiziwi.

"Simtaki, baba," alisema. "Shikamoo. Simtaki."

Hakuna aliyejongea. Pumzi za baharia ziliendelea, moja, nyingine.

"Haya, mwanangu," ilisema sauti. "Nimesikia. Mwalimu, nawe umesikia?"

Na akanyamaza, akangoja.

Mwalimu aliinua kichwa. Hakumtazama ami, wala msichana, wala mimi niliyekuwa nimeshika kipanya kana kwamba kitakimbia. Aliitazama spika ya muuza kanda.

"Nimesikia," alisema.